Mimi Nipo Upande wa Utingo

Natengeneza simu Mwanjelwa, hapa Mbeya, na siku ambazo wateja hawaonekani nahamia banda la gemu la jirani. Vijana pale wanalipia muda, wengi wanacheza mpira, lakini tangu mwenye banda alipoingiza Space Marine 2, ile iliyotoka Septemba 2024, benchi la wanaosubiri halikauki. Unamwendesha jitu mwenye deraya ya bluu, bega lake pana kama mlango wa kabati, anakata madudu ya angani kwa msumeno wa mnyororo. Nami nilinaswa. Nimesoma kila nilichopata kuhusu dunia hiyo, usiku, kwa bando langu mwenyewe.

Juzi kijana mmoja, mkali wa kubonyeza, akaniambia bila kugeuza shingo, "Kaka, mimi ningezaliwa huko, ningekuwa huyu."

Nikamwambia asingekuwa. Akacheka. Tukapiga hesabu hapohapo benchini.

Gemu hilo linatokea katika dunia ya kubuni iitwayo Warhammer 40,000, iliyoanza mwaka 1987 Uingereza, mikononi mwa kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, kama mchezo wa mezani wa visanamu ambavyo mwenyewe unavipaka rangi. Hadithi yake iko mbele yetu miaka karibu 38,000. Binadamu wana himaya ya dunia zipatazo milioni moja, chini ya Mfalme ambaye hajafa wala hayuko hai. Amekaa kwenye kiti kimoja miaka 10,000, na kila siku watu 1,000 wenye vipaji vya kiroho wanatolewa uhai ili kumulika ile taa yake inayoongoza meli angani. Ndiyo, inatisha. Imetengenezwa itishe.

Sasa hao Space Marine, yaani yale majitu yenye deraya. Wamegawanywa katika vikosi, kila kimoja na wapiganaji kama 1,000, na vikosi vyenyewe vinakadiriwa kuwa 1,000. Kwa hiyo ni milioni moja kwa dunia milioni moja. Dunia nzima, na masoko yake na shule zake na watoto wake wote, inatoa mmoja. Ni kama sisi wa Mbeya tuungane na Iringa, na Njombe, na Afrika yote, na Wachina, na Wahindi, halafu tuchange mtoto mmoja.

"Sasa wewe wa Ilomba," nikamwuliza, "ndiyo huyo mmoja?"

Akasitisha gemu. "Sasa wengine wanafanya nini?"

Swali hilo ndilo limenifanya niandike.

Wengine wanapika. Wanarusha meli, wanahesabu risasi, wanaosha sakafu, wanaandika daftari la waliokufa, wanachaji betri za bunduki. Ile deraya haivaliki peke yako kama koti. Inafungwa kipande kwa kipande, kuna plagi zinaingia mwilini kupitia tabaka jeusi lililopandikizwa chini ya ngozi, na kuna mtu anasimama nyuma ya jitu akikaza, akipaka mafuta, akikagua. Anamfikia tumboni au kifuani. Kila kikosi kina maelfu ya watu wa namna hiyo, wamezaliwa hapo au wameletwa hapo, na hawaondoki.

Kwa Kiswahili tuwaiteje? Nimelihangaikia hilo kuliko nilivyohangaikia skrini nyingi za wateja. Mtumishi? Hapa ukisema mtumishi, nusu ya watu watamfikiria mwalimu anayesubiri mshahara wa serikali, nusu iliyobaki mchungaji. Mtumwa? Mtumwa anajua ameonewa, na hawa wengi wao wanaamini wamebarikiwa. Mtwana ni neno la Pwani lenye makovu yake, naliacha huko. Kibarua jioni anaenda kwake. Hausiboi anaweza kuacha kazi akadai hela yake iliyobaki (akiipata, lakini hiyo ni makala nyingine).

Mimi nawaita utingo. Nina sababu.

Katika vikosi vingi, wengi wa hawa watu ni watoto waliotaka kuwa Space Marine wakashindwa. Wanachukuliwa wadogo, miaka kumi na kidogo, maana mwili ukishakomaa haupokei tena. Wanapitishwa kwenye majaribio ya kuua. Wakivuka wanapandikizwa viungo, 19 kwa hesabu ya zamani: moyo wa pili, pafu la tatu, tezi inayomfanya ateme tindikali. Njiani wengi wanakufa. Wengine akili inaharibika, na hao wanaweza kuishia kufutwa ubongo na kufungwa vyuma, wawe mashine zenye nyama. Aliyeshindwa akabaki na akili zake anapewa kitambaa na kopo la mafuta.

Halafu anapelekwa kumhudumia mwenzake aliyefaulu. Pengine walitoka kijiji kimoja. Pengine walilala kibanda kimoja usiku wa kuamkia jaribio, wakigawana kiporo. Leo mmoja ana urefu wa futi nane na ataishi karne kadhaa, mwingine anapanda kijukwaa kumfunga bega, na mgongo umeshaanza kumuuma. Akizeeka mwanawe atachukua kitambaa, kisha mjukuu, na jitu bado ni lilelile.

Waandishi wa ile dunia wameshika kitu kikubwa hapo. Kinachoniudhi ni kwamba wanakipita mbio kurudi kwenye msumeno.

Mimi nilikuwa utingo wa semi miaka miwili na ushee, Dar hadi Tunduma, kontena kwenda, mara nyingine shaba kurudi. Suka wangu, yaani dereva, tulikua mtaa mmoja. Tulianza kujifunza gari siku moja, kwa mwalimu mmoja. Yeye akapita. Mimi jicho la kushoto lilinikataa, zile herufi za chini kwenye bango niliziona kama sisimizi wanahama. Miaka ikapita, akapewa semi, akanipigia: "Mwanangu, njoo tule barabara." Nikaenda. Nilikuwa na njaa, na pia nilitaka kukaa karibu na ule usukani hata kama sitaushika. Ni aibu kidogo kuandika hivyo.

Kazi ya utingo watu wanaidharau kwa kuwa hawaioni. Kugonga matairi kwa chuma na kusikiliza lipi linajibu vibaya. Kukaza turubai kwenye baridi ya Makambako saa nane usiku, vidole havijui kamba wala hewa. Kupanga foleni ya mizani ya Wenda ili suka asinzie. Kujua ana vidonda vya tumbo na kumzuia asile pilipili, bila kumwambia mbele ya madereva wenzake.

Usiku mmoja tulikuwa tunapanda Kitonga na mzigo. Pale kwenye kona kali gia ikagoma kuingia, gari likaanza kurudi nyuma. Nilikuwa nimeshafungua mlango kabla hajaniita. Tulikuwa na kipande cha gogo tunakifunga kwa mnyororo nyuma ya kabini. Nikakitoa, nikakimbia upande wa mlima, nikakisukumiza nyuma ya tairi la pili, nikaruka pembeni. Gogo likalia kama mfupa. Gari likasimama. Nyuma yetu taa za basi, honi, mtu anatukana. Upepo wa breki ukatoka, fyuuu, kisha kimya, nikasikia maji yakidondoka mahali kwenye mwamba.

Nilipopanda kabini suka alikuwa anatazama mbele. Mguu wake wa kulia ulikuwa unatetemeka, na ameushika kwa mkono wa kushoto kama mtu anavyomshika mbuzi. Nikampa maji. Hakusema kitu, nami sikusema. Alipoweza, akaingiza gia, tukapanda.

Asubuhi tulikuwa Ilula kwa mama ntilie, maboksi ya nyanya kila upande. Akawahadithia wenzake jinsi alivyoliokoa gari. Alihadithia vizuri, mikono inazungusha usukani wa hewani, watu wakatikisa vichwa. Katika hadithi yake gogo halikuwepo. Sikukasirika, kweli. Nilikuwa natafuna chapati nikiwaza kwamba katika watu wote pale, mimi peke yangu najua habari za ule mguu.

Kwa hiyo nikisoma kwamba Space Marine hajui woga, maana umeondolewa kwa upasuaji na mafunzo, namheshimu kama ninavyoheshimu kreni. Mwenye habari ni yule aliyebaki na woga wake wote, moyo mmoja, mapafu mawili, na meli ikitobolewa na adui anakimbilia chumba cha silaha kwa sababu kuna plagi ya kukaza. Yeye ndiye anajua deraya imepasuka wapi, na kwamba bwana wake siku hizi anakaa kimya muda mrefu kabla ya kuomba kofia. Adui yeyote angetoa dunia nzima kuyajua hayo. Na huyu mtu hadithi inampa sentensi mbili: anainama, anakufa. Hata kwenye gemu, ukiwa melini wanapita pembeni na shughuli zao huku wewe unaelekea misheni. Nilimwomba yule kijana asimame nimtazame mmoja. "Kaka, muda wangu unaisha," akasema. Haki yake, amelipia.

Wapo watakaosema natukuza utumwa. Hapana. Nililipwa posho, siku nyingine sikulipwa, na ule utaratibu wa kumchukua mtoto, kumvunja, kisha kumfundisha ashukuru kwa kitambaa alichopewa, ni ukatili mtupu. Tena nadhani ndio ukatili mkubwa kuliko madudu yote ya mle, kwa kuwa ni wa taratibu na una sare safi. Ninachokataa ni kumwona kama pambo la ukatili huo. Ana akili, ana wivu, ana utani na wenzake jikoni kuhusu harufu ya majitu. Bila shaka ana utani.

Na tusijifanye hili ni la Wazungu na visanamu vyao. Shule ya msingi tulipelekwa Kalenga, tukapanga mstari mbele ya fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, ndani ya kioo, lile lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mwalimu alitueleza vita vya Lugalo, 1891, kamanda wa Kijerumani Zelewski alivyouawa na watu wa Mkwawa. Alitueleza ngome ya Kalenga ilivyoanguka 1894, na miaka minne ya msituni baada ya hapo. Kisha Julai 19, 1898, Wajerumani wamekaribia, Mtwa amejipiga risasi asikamatwe. Nilikuja kusoma ukubwani kwamba walipofika walikuta miili miwili. Wa pili ulikuwa wa mtu wake, aliyebaki naye hadi hapo, wenzao wote wameshakufa, wamekamatwa au wametoroka. Nani alikuwa anapika katika miaka hiyo minne, nani alikuwa anazima moto moshi usionekane? Kioo kina fuvu moja.

Ukienda Dar utaona sanamu ya askari pale mjini, ya mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Sanamu yenyewe ni ya mwenye bunduki. Wapagazi wa vita ile, Vita Kuu ya Kwanza, ambao wengi walipita kwenye milima hii hii yetu na mizigo kichwani, wakafa zaidi kwa kuhara na njaa kuliko kwa risasi, walibakiziwa jina la kikosi chao cha uchukuzi, Carrier Corps, nalo ndimi za watu zimeligeuza Kariakoo. Tunakwenda kununulia vitenge pale.

Nikipewa kuandika hadithi moja ya ile dunia, ingekuwa chumba kimoja, usiku mmoja. Mzee anamvua deraya mtu aliyekua naye. Skrubu moja imeshika kwa damu iliyokauka. Mzee analowesha kitambaa, anasubiri, na katika kusubiri anasikia ile mioyo miwili haipigi pamoja kama jana. Aseme au asiseme? Aamue. Kurasa mia mbili za aamue. Msumeno usionekane kabisa.

Suka wangu bado yuko barabarani. Kila akimaliza Kitonga ananitumia ujumbe wa neno moja, "Nimeshuka" au "Nimepanda," hata saa tisa usiku, na mke wangu ameshazoea. Wiki iliyopita alipita Mbeya, tukakaa Uyole tukala ndizi na nyama, semi imeegeshwa ng'ambo ya barabara. Nikamwuliza utingo wake wa sasa anaitwa nani.

Akafikiri huku anatafuna. "Dogo mmoja hivi," akasema. "Wa Igurusi."

Ng'ambo kule dogo alikuwa amechuchumaa kwenye tairi la nyuma na chuma chake, anagonga, anainamisha kichwa kusikiliza.