Ingiza Tu Kwenye Mfumo

Neno linalotumaliza ni "tu". "Ingiza tu kwenye mfumo." Limekuja tena asubuhi hii, limepanda mgongo wa faili linaloitwa MICHANGO_mpya_SAHIHI_mwisho(2).xlsx, na chini yake ujumbe: "Kaka mtaalamu, dakika tano tu, taarifa zote zimo." Kuwamo zimo. Hata mawe huwamo kwenye mchele.

Sasa tuheshimiane. Python, lugha ya kuandikia programu, ikiwa na maktaba yake ya pandas (`pd`), husoma jedwali kwa mstari mmoja: `pd.read_excel("michango.xlsx")`. Anayefundisha darasani huishia hapo, akafuta ubao, akaenda chai. Huyo hajakutana na katibu wa kikundi.

Katibu haanzishi jedwali kwenye mstari wa kwanza, hana adabu mbaya hivyo. Mstari wa kwanza ni jina la kikundi, seli nane zimeunganishwa, herufi kubwa za bluu. Wa pili ni kaulimbiu. Wa tatu uko mtupu, wa kupumulia. Wa nne ni "ORODHA YA MICHANGO". Vichwa vya safu vinaanza wa tano, kwa hiyo unaandika `header=4`, maana Python inahesabu kuanzia sifuri. Ukisahau, utakuwa na safu moja inayoitwa kwa jina la kikundi na nyingine saba zinazoitwa Unnamed, kama watoto waliozaliwa kabla baba hajarudi safari.

Kisha mtaa. Chang'ombe imeandikwa mara moja kwa watu kumi na wawili, seli zimeunganishwa kwenda chini. Kwenye seli zilizounganishwa thamani hukaa ile ya juu kabisa tu, kwa hiyo Python inamwona mmoja ana mtaa na kumi na mmoja hawana kwao. Dawa ni `ffill()`, inayojaza pengo kwa thamani iliyo juu yake, lakini kwenye safu ya mtaa peke yake. Ukiifungulia jedwali zima, asiyelipa atarithi mchango wa aliye juu yake, na hapo umesamehe madeni bila kikao.

Halafu ikaja KIASI. Ndani ya safu hiyo moja mnaishi "50,000/=", 50000 ya namba halisi, "Tsh 50,000.00", "laki na nusu", "bado" na "atalipa Ijumaa". Kijana mwenye haraka huvuta `.str.replace(r"\D", "", regex=True)`, afute kila kisicho tarakimu. "50,000/=" inatoka 50000, anatabasamu. "50,000.00" inatoka 5000000. Mama ntilie ameamka mfadhili wa milioni tano. Na zile seli zilizokuwa namba halisi, `.str` inazirudisha tupu kimyakimya, kwa sababu si maandishi. Ndiyo maana unasoma kwanza kila kitu kama maandishi kwa `dtype=str`, unaondoa "Tsh", "/=" na mikato kwa majina yao, nukta unaiacha, ndipo unaita `pd.to_numeric(errors="coerce")`. Na hiyo coerce usiiachie mlango wazi: inageuza kisichoeleweka kuwa utupu bila kupiga kelele. Chapisha kwanza seli zilizokuwa na neno na sasa hazina kitu. "Laki na nusu" utaitengenezea kamusi ndogo, 150000. "Atalipa Ijumaa" ni ahadi, na ahadi haijumlishiki.

Chini kabisa kuna mstari wa JUMLA. Ukiusahau, `sum()` inaujumlisha pamoja na watu, na kikundi kinakuwa na pesa mara mbili. Kikao kitashangilia. Atakayeulizwa nusu ya pili iko wapi ni wewe. Na ukitaka kuufuta kwa jina, kumbuka ni "JUMLA " yenye nafasi mwishoni, kwa hiyo `str.strip()` kwanza, ikate nafasi za pembeni.

Nikadhani tumemaliza. Ujumbe mwingine: "Kaka, nilisahau, waliopakwa njano wamelipa nusu."

Rangi! Pandas hairudishi rangi. Unatoka huko, unaingia openpyxl, maktaba nyingine ya Python, unapita seli moja moja kuuliza `cell.fill.fgColor.rgb`. Njano inajibu FFFFFF00. Vizuri. Wanne wanajibu FFFFC000, ambayo kwa jicho ni njano ya embe. Hao wamelipa nusu, robo, au wamelipa kwa embe? Wawili rangi yao imechukuliwa kwenye mandhari ya Excel, hawajibu msimbo wa maana kabisa. Unauliza kwa upole. "Aa, hiyo nilibonyeza vibaya, iache tu." Tu!

Jamani, safu moja! Safu moja ya kuandika AMELIPA au NUSU! Excel inatoa safu 16,384 kwa kila karatasi, zote bure, hakuna anayekuja kusoma mita! Mtu anaziacha zote hizo anachukua brashi!

Samahani. Tuendelee.

Namba za simu. Excel ikiona 07 inakula sifuri, na ikiona tarakimu kumi na mbili zinazoanza na 255 inakadiria na kuonyesha 2.56E+11 safu ikiwa nyembamba. Ndani ya xlsx namba bado ni nzima. Katibu akiihifadhi kama CSV, faili la maandishi matupu, ndipo kinapoandikwa kile kinachoonekana, na wanachama wote sitini wanabaki na namba moja ya simu. Kwa hiyo omba xlsx, sifuri utairudisha kwa `zfill(10)`, inayojaza sifuri mbele hadi zitimie tarakimu kumi. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, haina hata faraja hiyo: ina tarakimu 20, Excel inashika 15, tano za mwisho zinageuka sifuri na hazirudi. Iandikwe na vistari vyake, au safu ifanywe ya maandishi kabla ya kuandika, si baada.

Taarifa ya pesa ya simu: PDF yenye nywila. JSON, maandishi ambayo mfumo mmoja huupa mwingine: inakuja kurasa za watu mia mia, ukisahau kuomba ukurasa wa pili unafunga hesabu na watu mia kamili, ukajisifu kwa unadhifu. Faili kutoka Bujumbura: Excel ya Kifaransa hutenganisha kwa nukta mkato na desimali zake ni mkato, `sep=";"`, `decimal=","`, tunasalimiana tunaendelea. Nchi ikiandikwa kwa herufi mbili, Namibia ni NA, na pandas huisoma NA kama "hakuna kitu". Nchi nzima, na bahari yake. Dawa ni `keep_default_na=False`.

Na ritifaa ya Chang'ombe, hiyo sisi tumeumbiwa. Faili moja lina alama iliyonyooka, jingine lina iliyopinda, la tatu mtu kaweka ile ya pembeni ya tarakimu 1. Unaunganisha majedwali kwa jina la mtaa, hakuna anayekutana na mwenzake. Iliyopinda kwenye CSV ya Windows ni baiti 0x92, na UTF-8, msimbo wa herufi ambao pandas huutarajia, ikiiona inaanguka palepale; unataja ule wa Windows, `encoding="cp1252"`, kisha geuza zote ziwe moja.

Msidhani ni sisi tu. Mwaka 2020 Uingereza wagonjwa wa korona karibu 16,000 walichelewa kuhesabiwa kwa sababu faili la xls la zamani linaishia mstari wa 65,536. Mwaka huohuo wanasayansi walitangaza kubadili majina ya jeni, SEPT1 ikawa SEPTIN1, kwa kuwa Excel ilikuwa inaigeuza tarehe ya Septemba. Jeni imehama jina kumkimbia Excel. Mimi ni nani?

Lakini saa, saa ni zetu. Safu inasema "saa 2 asubuhi", mfumo unataka 08:00. Jumlisha sita, rahisi? "Saa 12 asubuhi" itakupa 18. Ya mchana ni `h % 12 + 6`; ya usiku ni `(h % 12 + 18) % 24`; `%` ni baki la kugawanya. "Saa 11 jioni" ni ya mchana, "saa 12 jioni" ni ya usiku, neno lilelile jioni, na "saa 11 alfajiri" inafuata usiku. Haya, na mstari wa 31, "Jumamosi saa 7 usiku"? Ni 01:00, lakini ya tarehe gani? Vijana wanamaanisha kumekwisha kuwa Jumapili. Wazee ambao siku yao huanza magharibi watakuambia usiku wa Jumamosi ni ule wa kuamkia Jumamosi, yaani 01:00 ya Jumamosi yenyewe. Na ni nani huyo analipa mchango saa 7 usiku, ametoka wapi?

Nimemuuliza katibu. Amejibu kwa sauti, dakika nne na sekunde kumi na mbili, na huko nyuma kuna mtu anatwanga.