Bango Lililodumu Kuliko Sabuni

Katika duka la marehemu baba yangu mjini Jinja palitundikwa bango la bati lililotangaza sabuni ya kufulia. Lilionyesha mama anayetabasamu huku akianika shuka nyeupe, na nililitazama kila siku ya utoto wangu mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati ambapo sabuni yenyewe ilipatikana kwa kikaratasi cha kibali au kwa magendo, na rafu zilizokuwa chini ya bango hilo zilibaki na viberiti vichache pamoja na chumvi iliyopimwa kwa kijiko. Wateja waliinua macho, wakayashusha, wakatoka bila kuuliza lolote. Bango lile halikuwa limetundikwa ili kumdanganya mtu, kwani lilitundikwa siku ambazo sabuni ilikuwepo. Lakini nilikua nikiamini kwamba tangazo ni kitu kimoja na bidhaa ni kitu kingine, na kwamba si lazima viwili hivyo vikutane.

Leo naishi kwa kazi ya usanifu wa michoro katika Barabara ya Nasser, Kampala, ambako ngazi zote zinanuka wino na ambako wateja wangu wengi, watu wa Arua, Bunia, Beni na Goma, huagiza lebo na mabango yao kwa Kiswahili. Vijana ninaowafundisha kazi hunionyesha katika simu zao mabango ya Polandi na ya Kuba ya miaka ya 1960, nao husema kwamba msanifu alikuwa huru pale tu alipofanya kazi chini ya ujamaa, mahali ambapo hapakuwa na mwenye kampuni wa kumwamuru aikuze nembo. Wazee wa rika langu huwajibu kwamba chini ya uchumi wa mpango, yaani ule ambao dola huamua kitakachotengenezwa, hapakuwa na matangazo wala usanifu, palikuwa na foleni tu. Naona wote wamekosea, na kosa lao linanisumbua kwa sababu linagusa kazi tunayoifanya Uganda hivi sasa.

Matangazo yalikuwepo, tena mengine yalikuwa bora kuliko yetu. Mwaka 1921 serikali ya Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Urusi, baada ya vita na njaa, iliruhusu wafanyabiashara binafsi warudi sokoni, na maduka ya dola yakajikuta yakishindana nao. Kuanzia mwaka 1923 mshairi Vladimir Mayakovsky na msanii Aleksandr Rodchenko walifanya kazi pamoja kwa ajili ya mashirika ya dola, mmoja akitunga maneno na mwingine akichora, wakitangaza biskuti, sigara, viatu vya mpira vya kuvaliwa wakati wa theluji, hata chuchu za mpira za kutulizia watoto. Kaulimbiu yao ya Mosselprom, shirika la dola la vyakula, iliyosema kwamba vitu hivyo havipatikani popote pengine ila Mosselprom, ilipakwa kwenye ukuta wa jengo la shirika hilo mjini Moscow. Herufi zilikuwa nene, rangi chache, mshale mmoja ukielekeza jicho, na mtu aliyejua kusoma kidogo tu aliuelewa ujumbe mara moja. Wale wawili walikuwa na vipaji vikubwa, lakini kipaji hakielezi kila kitu: ng'ambo ya barabara kulikuwa na muuza duka binafsi ambaye angemchukua mnunuzi endapo bango la dola lisingemvuta au biskuti za dola zisingefaa. Muuza duka huyo alipobanwa hadi akafunga, na mpango wa kwanza wa miaka mitano ukaanza mwaka 1928, bango lilipoteza sababu yake ya kuhangaika.

Hapa ndipo pa kutazama kwa makini, kwa sababu watu hudhani kwamba mpango ulipiga vita tangazo, na kwa muda mrefu haukufanya hivyo. Mpango uliligeuza tangazo kuwa kazi ya idara nyingine. Kiwanda kilipewa idadi ya vitu vya kutengeneza, na mkurugenzi aliyeifikia idadi hiyo alikuwa amemaliza wajibu wake, vitu hivyo vikipendwa au visipendwe. Fedha za matangazo zilikaa katika fungu lake, zikawa na watu wake na hesabu zake. Huko Tallinn, Estonia, wakati huo sehemu ya Umoja wa Kisovieti, studio iliyoitwa Eesti Reklaamfilm, iliyoanzishwa mwaka 1967 na kuongozwa na Peedu Ojamaa, ilitengeneza kwa miaka mingi filamu fupi za kutangaza bidhaa ambazo watazamaji wengi hawakuweza kuzikuta dukani. Watengenezaji wa filamu hizo walikuwa mafundi wa kweli, na kazi yao ilihesabiwa kuwa imekamilika siku filamu ilipokamilika. Nikiwatazama, namkumbuka yule mama wa bati na shuka zake.

Ujerumani ya Mashariki ilikwenda mbali zaidi. Kipindi cha matangazo cha televisheni yake, kilichoitwa Tausend Tele-Tips, kilianza mwaka 1960, na matangazo yalitumika kuusukuma umma upande ambao ghala lilikuwa limejaa: mayai yalipozidi, wananchi waliombwa wale yai moja zaidi. Kisha mwaka 1975 serikali iliamuru matangazo ya bidhaa kwa soko la ndani yakomeshwe, na mwaka uliofuata kipindi hicho nacho kikaisha. Naiheshimu amri hiyo. Serikali iliyokiri kwamba haina haja ya kuwatamanisha watu kile isichoweza kuwapa ilisema ukweli ambao wengine waliukwepa, ingawa kwa wageni waliokuja kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig mabango yaliendelea kung'aa.

Usanifu wa vitu vyenyewe nao ulikuwepo, na kisa chake kinanihuzunisha zaidi. Mwaka 1962 Umoja wa Kisovieti ulianzisha taasisi ya utafiti wa usanifu wa viwandani, VNIITE, chini ya Yuri Soloviev, na miaka miwili baadaye wasanifu wake walikuwa wameunda teksi ya mfano yenye mlango mpana wa kusukuma pembeni, iliyofikiriwa kuanzia kwa abiria na mzigo wake. Ilijaribiwa katika mitaa ya Moscow, lakini haikuingia kiwandani. Huko Ujerumani ya Mashariki, msanifu Karl Clauss Dietel alishikilia kanuni aliyoiita ya uwazi, yaani kitu kiundwe ili sehemu zake zionekane, zifunguke na zibadilishwe moja moja, na mtumiaji aweze kukitengeneza na kukiboresha kwa miaka mingi. Pikipiki ndogo ya Simson S50, iliyoanza kutengenezwa mjini Suhl mwaka 1975, ilibeba fikra hiyo. Yeyote aliyewahi kumtazama fundi wa bodaboda kando ya barabara ya kwenda Iganga, akiifungua injini juu ya gunia na kuirudisha kabla ya jua kutua, ataelewa kwamba Dietel alikuwa akiwaza juu ya watu kama sisi, hata kama hakutujua.

Lakini gari la Trabant, lililotengenezwa Zwickau kuanzia 1957 hadi 1991, lilibaki na umbo lilelile kwa zaidi ya robo karne ya mwisho ya maisha yake, ilhali miradi ya kulirithi ilisimamishwa na wakuu wa chama. Mwananchi aliyeliagiza aliweza kulisubiri kwa zaidi ya miaka kumi. Mtu anayesubiri miaka kumi hana namna ya kumwadhibu aliyemchelewesha, kwa kuwa hana pengine pa kwenda. Na msanifu anayemsemea mtu huyo hana nguvu yoyote mezani, hata michoro yake iwe mizuri namna gani. Ofisi iliyotoa ahadi na ofisi iliyopaswa kuitimiza hazikudaiana lolote, na mtu ambaye angezidai zote mbili alikuwa kwenye foleni.

Je, mabango ya Polandi yanayowavutia vijana wangu? Ni mazuri kweli. Henryk Tomaszewski na wenzake waliweza kuitangaza filamu kwa mstari mmoja wa brashi, na Warsaw ilikuwa na maonyesho ya kimataifa ya mabango tangu mwaka 1966, kisha jumba la makumbusho ya mabango huko Wilanów tangu 1968. Nawaomba vijana watazame kile kilichotangazwa: filamu, tamthilia, sarakasi. Filamu ilikuwepo ndani ya sinema, kiti kilikuwepo, na mtu aliyevutwa na bango aliingia akapata alichoahidiwa jioni hiyohiyo. Ndivyo ilivyokuwa Kuba, ambako mabango ya OSPAAAL, shirika la mshikamano wa watu wa Asia, Afrika na Amerika ya Kusini lililoanzishwa mwaka 1966, yalikunjwa ndani ya jarida la Tricontinental na kupelekwa duniani kote. Bango lenyewe ndilo lililokuwa bidhaa, na lilihitaji karatasi na wino, si kiwanda kizima. Uhuru wa wasanii hao haukukosa mlinzi, kwa maana huko Polandi kazi zilipita kwa wakaguzi kabla ya kuchapwa. Hata hivyo walikuwa na kitu ambacho mwenzao aliyechora teksi hakuwa nacho: hakuna mkurugenzi wa kiwanda aliyesimama kati ya mchoro wao na macho ya watu.

Jirani zetu Watanzania wana mfano ulio karibu zaidi nasi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 viwanda na maduka mengi yalikuwa ya umma, na uhaba wa miaka ya mwanzo ya 1980 unakumbukwa hadi leo. Lakini kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, kwa redio, vijitabu na vikundi vya kusikiliza pamoja, iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2, na watu wakachimba vyoo. Iliwaomba jambo walilokuwa na uwezo wa kulifanya kwa jembe lao wenyewe.

Sisi Uganda tulipata sehemu mbaya ya mambo hayo yote. Rais Milton Obote alitoa Hati ya Mtu wa Kawaida, iliyoielekeza nchi kwenye ujamaa, mwaka 1969, na tarehe 1 Mei 1970 pale Nakivubo alitangaza kwamba dola itachukua asilimia 60 ya kampuni zaidi ya 80. Kabla mpango haujaanza kufanya kazi, Idi Amin alikuwa amechukua madaraka mwezi Januari 1971. Mwaka uliofuata Waasia walifukuzwa, maduka yakagawiwa watu ambao raia waliwaita mafuta mingi, yaani matajiri wa ghafla, na wasomi na wasanii wengi wa Makerere, ambako Margaret Trowell alikuwa amepanda mbegu ya shule ya sanaa tangu mwaka 1937, walikimbilia nchi za nje. Tulipata rafu tupu za uchumi wa mpango bila mpango, na bila mabango ya Warsaw.

Siku hizi sabuni ipo, ya kila rangi, na vituo vya biashara vijijini vimepakwa rangi za kampuni kutoka duka la kwanza hadi la mwisho. Sitamani kurudi kwenye kibali na foleni. Ninachokitaka ni kwamba serikali yetu iwe mteja wa mabango kwa uzito uleule uliokuwa Polandi, imlipe msanifu, imwache achore, na imdai matokeo. Kazi ninazoletewa za afya ya umma huja na ukanda wa nembo za wafadhili unaokula theluthi ya karatasi, na mara nyingi anayeziidhinisha hajawahi kulala katika nyumba zinazokusudiwa.

Mwaka jana nilipewa bango la chandarua, nikachora kama nilivyoagizwa: kitanda kizuri, mama, mtoto, chandarua kikining'inia kutoka darini. Kabla ya kuchapa nililibeba hadi kijiji kimoja cha Busoga, nikawaonyesha akina mama waliokuwa wakianika mahindi. Mmoja wao alilitazama kwa muda, akaniambia, "Mwalimu, sisi na watoto tunalala juu ya mkeka. Hicho chako kinafungwa wapi?" Nilikaa pale hadi jioni. Walinionyesha jinsi wanavyofunga kamba kwenye nguzo mbili za nyumba na kuzisukuma pindo za chandarua chini ya mkeka, nami nikachora upya nikiwa nimeketi sakafuni kwao, huku mama yule akinisahihisha urefu wa kamba.