Nimelipishwa Kahawa na Chicago

Naanza na hesabu, msije mkasema natia chumvi. Watu 11, vikombe viwili kwa kila kichwa, jioni sita. Vikombe 132 vya kahawa chungu. Kashata kando. Tende za maalimu kando zaidi, maana yeye kahawa bila tende humpanda kichwani. Mlipaji ni mimi, nahodha wa mashua hapa Lamu, katikati ya kusi, bahari imechafuka na wageni wa kupeleka Shela nawahesabu kwa mkono mmoja. Na deni lenyewe si la harusi wala la matanga. Ni la mchezo uliochezwa Chicago tarehe 17 Mei 1979, mimi nikiwa bado nabebwa kwa ubeleko.

Mke wangu aliniambia nirudie polepole, huenda amesikia vibaya. Nikarudia mara tatu. Hakuwa amesikia vibaya.

Kisa chaanza na ukame wa mpira. Ligi za Ulaya zikifunga, baraza letu lakosa la kusema. Huwezi kuzungumza bei ya samaki usiku kucha. Basi watu hufukua mechi za zamani. Yuko kijana mmoja, shabiki wa Arsenal, kila jioni hutueleza ile ya Reading ya mwaka 2012, walivyokuwa nyuma 4-0 wakaja wakashinda 7-5. Kisa hicho hata punda wanaopita wamekihifadhi. Jioni ile alipofika kwenye bao la tano, mpwa wangu, anayesoma chuo Nairobi na amekuja likizo kula mahamri ya mamake, akamkata: "Mjomba, saba-tano ni nini? Mimi nina mechi, pointi zake ukizihesabu kwa vidole vya watu wawili, mikono na miguu, havitoshi."

"Hiyo ni mechi au ni mnada?" akauliza mwenye punda.

Kijana akaunganisha simu yake na televisheni ya hoteli kwa bando lake mwenyewe, na hilo nalitaja kwa sababu ndilo tendo la mwisho la ukarimu nililoliona usiku ule ambalo halikutoka mfukoni mwangu. Picha ikatokea, rangi zimepauka kama kanga ya kufulia. Besiboli. Phillies wa Philadelphia wamekwenda kucheza na Cubs wa Chicago, uwanja wa Wrigley Field.

Kwa ambaye hajaiona, ni ile raunda waliyokuwa wakicheza dada zetu shuleni, ila hawa wamevaa suruali za kubana na wanalipwa. Mmoja arusha mpira, mwenzake ana gongo. Akiupiga, akimbie vituo vitatu, na cha nne ni pale pale alipoanzia. Wenyewe wapaita nyumbani. Akifika nyumbani, pointi. Akiupiga ukatoka nje ya uwanja, basi yeye na wenzake walioko vituoni wazunguka mwendo wa bwana harusi mpaka nyumbani, hakuna wa kuwagusa. Wakitolewa watatu, wabadilishana. Zamu tisa kila upande.

Maalimu akavuta ndevu. "Yaani mtu mzima akimbia mbio zote hizo ili arudi alipotoka?"

"Ndiyo, maalimu."

"Tezi na omo, marejeo ni ngamani," akasema, na toka hapo akaupenda mchezo kuliko sisi sote.

Fundi wa kuchonga milango, mtu ambaye hatujapata kukubaliana hata mvua ikiwa yanyesha, akasema yeye yuko na Philadelphia. Kwa nini? Kwa sababu ndio wanaoanza kupiga, na anayetangulia kwenye sinia ndiye ashibaye. Maana katika besiboli mgeni ndiye huanza, mwenyeji humalizia. Adabu nzuri, sikatai. Hata kwetu mgeni ndiye huwekewa mnofu.

Mimi nikachukua Chicago, na sikubahatisha. Uwanja ule wapeperusha bendera juu ya ubao wa pointi, nami bendera nazisoma tangu nina miaka kumi. Zilikuwa zimenyooka kuelekea nje, kutoka kwa mpigaji kwenda kwenye ukuta wa mwisho. Upepo wa nyuma kabisa! Upepo wa kufungua tanga lote, ukae utafune kashata. Na Wamarekani wenyewe Chicago huuita mji wa upepo. Nikawaambia watu: mwenyeji ndiye ajuaye upepo wa kwao. Mgeni, awe nani, atakwama kwenye fungu la mchanga.

Dau likawa kahawa ya baraza zima, jioni tatu. Tukamuuliza maalimu kama si kamari. Akafikiri kwa muda wa kikombe kimoja.

"Mechi yachezwa leo?"

"La, imekwisha tangu 1979."

"Basi mshindi keshajulikana, mnamngojea tu. Hiyo si kamari. Ni ukarimu ambao mwenyewe hajapatikana."

Huyo ndiye mnywaji wetu nambari moja. Ilipasa nitilie shaka.

Mpwa wangu akaulizwa kama ayajua matokeo. Akasema ayajua. Akaulizwa kama atayasema. Akasema hatayasema, hiyo si haki. Elimu ya chuo hiyo, na karo mimi nilichangia.

Zamu ya kwanza, Philadelphia wakaanza. Mike Schmidt akautoa nje. Haikupita muda, mwingine akautoa nje. Kisha akaja mrushaji wao, Randy Lerch, mtu ambaye kazi yake ni kurusha na alikuwa hajarusha hata mmoja siku ile. Naye akautoa nje! Ni kama utingo wangu ashike usukani siku ya mashindano ya Maulidi na ashinde. Saba kwa bila. Fundi tayari alikuwa ameagiza kikombe kwa jina langu.

Halafu Chicago wakashika gongo. Wana mtu wao, Dave Kingman, mrefu kama mlingoti. Siku ile peke yake aliutoa nje mara tatu. Wakapiga, wakapiga, yule Lerch aliyejitia kupiga akatolewa kabla zamu haijaisha. Na mrushaji wa Chicago naye alikuwa keshatolewa vivyo hivyo. Wote wawili, kila mmoja alifanikiwa kumtoa mpigaji mmoja tu. Saba kwa sita, na bado ni zamu ya kwanza. Shabiki wa Arsenal alinyamaza. Tangu mwaka 2012 sijapata kumwona amenyamaza.

Zamu ya pili, hakuna kitu. Nikashusha pumzi. Kumbe wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa zamu ya tatu walipewa jembe wakalima pointi nane! Kumi na tano kwa sita.

Fundi akanigeukia taratibu, kwa ule upole wake unaoumiza. "Nahodha, upepo wako vipi?"

Hapo ndipo nilipoiona kasoro ya elimu yangu. Upepo ulikuwa ule ule niliousema, nyuma kabisa. Nilichosahau ni kwamba wale wakibadilishana, upepo haubadilishani. Baharini wewe ukienda Mokowe na mwenzako akirudi, mmoja ana upepo na mmoja ataabika. Wale wote wapigia upande mmoja, kwa zamu. Mgeni alikuwa akila upepo wa mwenyeji bila hata kusema bismillahi. Jambo la kitoto, lakini mimi sikuambiwa, na kwenye baraza la watu 11 hakuna aliyeona haja ya kuniambia kabla ya dau.

Niliowahurumia hasa ni watu wa ubao. Mpwa wangu asema pale Wrigley namba za pointi hubandikwa kwa mkono, kuna watu mle ndani ya ubao hiyo ndiyo kazi yao. Siku ile walibandika kama watu wanaoziba mtumbwi unaovuja.

Ilipofika katikati ya zamu ya tano, Philadelphia 21, Chicago 9. Na stima ikakatika.

Giza. Mji mzima kimya, punda mmoja tu alalama upande wa Langoni. Mpwa wangu akatuliza watu: "Hata uwanja ule haukuwa na taa mpaka mwaka 1988, walikuwa wakicheza mchana tu." Nikamwambia na sisi tungekuwa na akili tungecheza mchana tu. Nikatoa pesa ya jioni ya kwanza pale pale gizani, nikahesabu kwa kupapasa, nikavaa makubadhi yangu nikaondoka na heshima yangu. Naomba mlishike hilo. Nilikuwa nimeshindwa, nimelipa, na nimeondoka. Mtu aliyefika hapo angeachwa.

Nyumbani mke wangu akashangaa. "Umerudi mapema. Nani amekufa?"

"Chicago," nikasema, nikavuta sahani ya mkate wa mofa.

Tonge la tatu halijafika kinywani, nikasikia mayowe. Vichochoro vyetu vyembamba, sauti haina pa kupotelea, ikitoka baraza yaja mpaka jikoni kwako bila kumwagika. Kisha miguu ya mtoto mbio: "Ami! Ami, ndoo! Chicago wamefufuka!"

Nilifika kiatu kimoja.

Nikakuta vichwa kumi vimeinamia simu moja, simu yenyewe imesimamishwa kwenye buli la kahawa. Kofia zimeanguka, mwenye punda amemkalia fundi mguu na fundi hajatambua. "Toa kitwa, bwana! Toa kitwa!" Kila mtu amwambia mwenzake, na kila mmoja aona kichwa chake ni kioo. Pointi zilikuwa kwenye kona ya picha, na kwenye kona hiyo kulikuwa na kidole gumba cha maalimu. Tukamwomba akiondoe. Akakiondoa. Ilikuwa 21 kwa 16.

Bill Buckner alikuwa ameupiga nje vituo vyote vitatu vikiwa na watu, pointi nne kwa gongo moja, nami sikuona kwa sababu ya mkate wa mofa. Zamu ya sita wakaongeza tatu, 21 kwa 19. Philadelphia wakapata moja ya kiburi. Zamu ya nane Chicago wakapata tatu tena.

22 kwa 22!

Sikumbuki nilipanda vipi juu ya baraza. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa juu na fundi yuko chini, na hali hiyo ina madhara yake. Nilisema mengi kuhusu upepo. Nilisema upepo hauna haraka. Kisha nikasema, kwa sauti ambayo mke wangu ayakinisha aliisikia kitandani, "Jioni tatu ni za watoto. Sita!"

Mpwa wangu akakohoa. Nikadhani ni moshi wa makaa.

Zamu ya tisa hakuna aliyepata. Ikaongezwa ya kumi. Chicago wakawa na mrushaji wao Bruce Sutter, na si mtu wa kubezwa, mwaka ule ule alipewa tuzo ya mrushaji bora wa ligi yao. Aliyemkabili ni Mike Schmidt, yule yule wa mwanzo. Gongo likalia, na hata kwenye simu ile ndogo nilijua kabla mpira haujafika juu. Niliusindikiza kwa macho. Sitasema uongo, ulikuwa mpira mzuri. Ulikaa kwenye upepo kama jahazi lililotoka joshi likashika njia, hauna papara, unaondoka tu. Na upepo uliouchukua ni ule wangu mimi, ule ule nilioutangazia watu.

23 kwa 22. Chicago wakapata nafasi yao ya mwisho wakaitumia kurudi wakakaa. Saa nne na dakika tatu za mchezo, mipira 11 imetolewa nje, na Chicago ndio waliopata mapigo mengi zaidi, 26 kwa 24. Hilo la mapigo nililisema kwa fundi kama mtu anayekata rufaa. Akaniuliza kama muuza kahawa hupokea mapigo.

Stima ikarudi wakati huo. Sitii neno.

Jana ilikuwa jioni ya nne. Nimekaa nahesabu vikombe vikipita, mpwa wangu akanisogelea akaninong'oneza. "Mjomba, timu hizi hizi ziliwahi kukutana uwanja ule ule tarehe 25 Agosti 1922. Chicago walishinda 26-23. Pointi 49, hakuna mechi ya ligi kuu yao iliyopata kuzifikia."

"Na hilo waniambia leo?"

"Hukuuliza."

"Ina picha?"

"Haina. Lakini naweza kuisoma kwenye simu, zamu kwa zamu."

Nikaona nuru. Nikamgeukia fundi kwa uso wa mtu asiye na haja. "Fundi, tuwe na ya pili. Timu zile zile, uwanja ule ule, kijana atatusomea. Nikishinda, tufutane deni. Nikishindwa, sita nyingine."

Fundi akapuliza kikombe chake, ambacho ni changu. Akanywa funda moja, akakirudisha kisahanini bila sauti.

"Sawa," akasema. "Ila safari hii Chicago nipe mimi. Ule upepo wako nimeufikiria sana, una maana."

Baraza zima likanitazama. Mpwa wangu akakohoa, na makaa yalikuwa yamezimika zamani, moshi hapakuwa na hata wa dawa. Maalimu akafungua pakiti mpya ya tende. Muuza kahawa akagonganisha vikombe.