Gari la huku huzeekea chini, la nyumbani huzeekea juu

Huu ni mwaka wangu wa 11 ughaibuni, na tofauti ya huku na nyumbani naiona kila nikitazama plastiki nyeusi za nje ya gari: bampa, matao ya matairi, ukanda wa chini ya milango. Huku gari la miaka 15 plastiki zake bado nyeusi, lakini chungulia uvunguni, kutu imeshakula vyuma kwa chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu. Nyumbani ni kinyume. Uvungu uko salama, plastiki zimepauka kama zilizopakwa majivu.

Kwa miaka mingi niliamini ni suala la utunzaji. Nilikuwa nikimtumia mdogo wangu chupa za dawa ya kurudisha weusi, zilizoandikwa kwamba hudumu mwaka mzima. Baada ya miezi mitatu ananitumia picha, weupe umerudi. Nikamwambia hajui kutunza mali. Neno hilo nalijutia hadi leo, maana nilipokwenda likizo niliona lile gari linavyoshinda juani kutwa nzima, kazini kwake hakuna hata mti. Alikuwa akiliosha vizuri kuliko ninavyoosha langu. Nadhani ile ahadi ya chupani haikupimwa chini ya jua la utosi.

Nyingi ya plastiki hizi ni polipropilini iliyotiwa kaboni nyeusi, ambayo ni kama masizi. Miale ya urujuanimno (UV), ile ya jua isiyoonekana kwa macho, ikisaidiwa na joto hukata minyororo ya molekuli za juu, uso ukajaa nyufa ndogo mno zinazotawanya mwanga, nasi tukaona kijivu. Weusi wenyewe bado upo chini ya hiyo ngozi iliyokufa. Mwagia maji uone: plastiki inakuwa nyeusi papo hapo, ikikauka inapauka. Mafuta nayo hufanya kazi ileile ya maji, ila yanachelewa kukauka.

Kwa hiyo oili chafu na dizeli tunazopaka nyumbani haziponyi kitu. Zinanasa vumbi, na zikigusa mpira wa dirisha zinaufanya uvimbe na kulegea. Hata dawa nyingi za dukani huku, zile za silikoni zenye kung'aa sana, ni mafuta hayohayo yenye harufu nzuri; mvua chache tu zimeondoka. Kuchoma kwa hewa moto kunarudisha weusi kweli, nimeona kwa macho yangu, lakini plastiki inaweza kupinda na rangi ya bodi iliyo jirani ikaungua. Tena haiwekewi kinga yoyote, jua linaanza upya pale lilipoishia. Mimi siishauri njia hiyo.

Kinachodumu ni kazi ya mikono kabla ya dawa. Sugua kwa sabuni kali ya kuondoa mafuta na brashi ngumu kiasi, suuza, rudia mpaka povu litoke safi. Mabaki meupe ya nta ya kung'arishia gari yaliyojificha kwenye vinyweleo vya plastiki yaondoe yote. Acha ikauke kabisa, hasa kwenye maungio, kisha futa kwa spiriti. Bandika tepu ya karatasi kwenye rangi ya bodi. Hapo ndipo upake kinga ya aina ya kauri (ceramic), inayokauka na kuwa utando mgumu, au ile yenye rangi ndani yake, nyembamba, kivulini, plastiki ikiwa ya baridi. Ukipaka juu ya uchafu, utakachokuwa umekilinda ni uchafu.

Na katika hili, nyumbani tunawazidi watu wa huku. Huku mtu hana saa tatu za kusugua bampa. Ananunua chupa nyingine, au anang'oa bampa na kufunga jipya. Nyumbani mikono ipo na subira ipo. Inauma kuona juhudi yote hiyo ikiishia kwenye oili chafu kwa sababu tu hakuna aliyeeleza kinachotokea ndani ya plastiki.

Safari ijayo sibebi chupa sita. Nitabeba moja ya kauri, brashi mbili, na turubai jepesi la kufunika gari kazini. Mdogo wangu ameshapima urefu, kutoka bampa hadi bampa.