Upepo wa Teke

Hivi nani alitudanganya kwamba tairi hupimwa kwa mguu? Mtu kafunga hema juu ya Land Cruiser, nyuma kapakia friji, mtungi wa gesi, madumu ya mafuta na maji ya wiki nzima, anaelekea Serengeti. Anazunguka gari, teke huku, teke kule, kisha anatangaza: "Upepo upo!" Upo ndiyo, ngapi sasa? Yenye PSI 30 (ndicho kipimo cha upepo) na yenye 40 zote zinalia du! Na macho hayasaidii, maana tairi za siku hizi zinatuna ubavu kidogo hata zikiwa sawa.

Haya, akikubali kupima, anapima wapi? Sheli, baada ya kilomita sitini za jua kali. Tairi imechemka, PSI 4 mpaka 6 zimeongezeka zenyewe. Alitaka 40, anaona 46. "Imezidi hiyo, punguza!" Pssss. Kesho asubuhi imepoa, iko 34, mzigo uleule. Ubavu unajikunja kila gurudumu linapozunguka, joto linapanda, nyuzi za ndani zinaachana na mpira. Ikipasuka mbele ya Makuyuni, utasikia: "Aliniuzia feki yule!"

Pima asubuhi, jamani, au gari likae muda wa saa tatu nzima bila kutembea. Tena kivulini, kwa sababu upande unaopigwa jua unasoma juu, halafu mtu anaanza kutafuta pancha upande wa pili.

Na yule kijana wa upepo? Geji yake ni ya malori, inafika 200, kioo kimepasuka, mshale haurudi sifuri hata mpira ukiwa chini. Unamuuliza umeweka ngapi, anajibu, "Za kawaida, bosi." Kawaida ya nani, ya bajaji? Namba ziko kwenye kibandiko, nguzo ya mlango wa dereva, mbele zake na nyuma zake. Ile iliyochorwa ubavuni mwa tairi ni ukomo wa tairi, gari lako hailijui. Ukishabeba nyumba mgongoni, pitia mizani, kila ekseli peke yake, uwe na jedwali la uzito na upepo la mtengenezaji wa tairi. Magurudumu ya ekseli moja yapate upepo sawa, kwa kufuata upande mzito.

Nunua geji yako, inayoishia 60 hadi 100. Ikandamize kwenye valvu, pale upepo unapoingilia, inyooke nayo. Ikipiga pss ndefu, hapo umepima hewa iliyotoroka, rudia mpaka upate namba ileile mara mbili. Dondosha maji ya sabuni kwenye valvu. Ukiona mapovu, kaza kile kisindano cha ndani, au kibadilishe, na kofia irudi, vumbi la kule halina huruma.

Wajuaji watakwambia mlima unaharibu vipimo. Ukitoka Dar hadi ukingo wa Ngorongoro, kama mita 2,300, geji inapanda PSI 3 na ushee, kweli. Ila baridi ya asubuhi huko juu inazirudisha karibu zote. Kanywe chai.

Na spea je? Hiyo hupimwa siku ya kuhitajika, usiku, mvua ikinyesha.

Sasa ngoja kambini waione geji yako. "Kaka, naazima dakika moja tu." Anaiangusha kwenye mawe, anaifuta kwa shati, anakurudishia na tabasamu: "Nzima kabisa, imesoma 52 zote nne." Zote nne? Na spea?

"Hiyo niliipiga teke."