Eti picha nayo inasomewa?

Nilivyompigia bibi kumwambia kati ya masomo yangu matatu ya A-level moja ni kupiga picha, alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata, kumbe anatafuta maneno. "Picha hizi hizi za kupiga?" Ndiyo bibi. "Na zinasomewa miaka miwili?" Ndiyo. "Mjomba wako kapiga picha miaka ishirini na tano pale barabara ya kumi na mbili hajakaa darasani hata siku moja, na wewe umepandishwa ndege kwenda kusomea hiyo hiyo." Nikakosa la kujibu, na kusema ukweli mpaka leo jibu lote sina, ndo maana naandika.

Mie ni wa Tanga, Ngamiani, huku Leicester, Uingereza, nipo mwaka wa tatu, nilimfuata baba. Na kabla sijaendelea niwaambie tu kwamba hili somo sio la kuchezea kama mnavyodhani, asilimia 60 ya maksi ni kazi yako mwenyewe unayoifanya mwaka mzima pamoja na insha ndefu juu yake, na 40 ni mada unayopewa na bodi ya mtihani ambayo unamalizia kwa masaa 15 chini ya usimamizi. Masaa 15! Sio kwa mkupuo mmoja lakini, wanayagawa siku tatu hivi. Nilipomwambia rafiki yangu aliyebaki nyumbani akasema hesabu yenyewe NECTA ni masaa matatu na watu wanatoka wanalia.

Siku ya kwanza ticha akatugawia kamera. Mie nasubiri zile za kisasa za Ulaya, nikaletewa Pentax K1000, dude zito la chuma ambalo liliacha kutengenezwa 1997 mie hata sijazaliwa, betri yake ni ya mita ya mwanga tu, kila kitu kingine unazungusha kwa mkono. Na mkanda wa filamu aina ya HP5, picha 36, nyeusi na nyeupe. Nikaipiga picha hiyo kamera kwa simu nikamtumia mjomba, alicheka mpaka akakohoa, akasema kamera kama hiyo yeye kampa fundi redio zamani atoe skrubu, yaani watu wa Tanga wamehamia dijitali na simu, halafu mtu umevuka bahari unakuja kukuta wanakufundishia alichotupa mjomba wako.

Ila niseme haki, ile kamera imenifundisha. Picha 36 ukizimaliza umezimaliza, shule inakupa mikanda miwili, wa tatu unanunua kwa hela yako, kwa hiyo unaanza kuangalia kabla ya kubonyeza. Kwenye simu nilikuwa napiga mia natafuta moja.

Halafu chumba cha giza. Hapo ndo nilipopapenda kuliko pote. Taa nyekundu, trei tatu zimepangwa, dawa ya kwanza ya kutoa picha, ya pili inanuka siki kama umefungua chupa ya achari, ya tatu ya kuigandisha isifutike. Unatumbukiza karatasi nyeupe tupu, unatikisa trei taratibu, sekunde kumi hakuna kitu, kumi na tano hakuna kitu, afu nyusi zinaanza kutokea. Kila mara ni nyusi kwanza, na nywele, ngozi inachelewa. Nimeshaona labda mara mia mbili na bado nasogeza uso karibu kama mtoto.

Sasa kuna siku tunasafisha mkanda ticha akasema dawa lazima iwe nyuzi 20, na maji ya bomba huku mwezi wa pili ni barafu kabisa, kwa hiyo tunachanganya na ya moto mpaka kipimajoto kifike. Nikampigia mjomba nimuulize kwani yeye alikuwa anafanyaje, akasema we huna akili, Tanga maji ya bomba yenyewe yanakaribia 30, ukisafishia mkanda hivyo hivyo unaungua, alikuwa ananunua barafu za mifuko kwa mama jirani, zile za kuuzia watoto, anaziweka kwenye beseni, chupa ya dawa inakaa katikati mpaka ipoe. Kipimajoto alikuwa nacho ila kilivunjika, akawa anapima kwa kushika chupa. Nikaenda kumsimulia ticha, akaniambia niiandike kwenye insha. Kitu ambacho mjomba alikuwa anakiona ni shida tu huku kimekuwa maksi.

Kitu kingine kilichonikaa kichwani ni habari ya mita. Mita ya kamera haina akili, chochote unachoielekezea inadhani ni kijivu cha katikati, kile kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. Ukiielekezea theluji inaikoroga iwe kijivu. Tukapewa zoezi la kupigana picha wawili wawili mbele ya ukuta mweupe, mwenzangu kanipiga kwa kufuata mita neno kwa neno, picha ikatoka ukuta kijivu, shati kijivu, na mie meno tu. Darasa likacheka, na mie nikacheka, ila nilivyofika nyumbani sikucheka sana. Wiki iliyofuata ticha akatuonyesha njia ya kiganja, unapima mwanga kwenye kiganja cha mkono halafu unaongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili, na inafanya kazi kwa watu wote kwa sababu viganja vyetu, mie na mwenzangu mwenye nywele nyekundu, havipishani sana. Tulivipanga mezani kuangalia. Kweli havipishani.

Mjomba hakuwa na habari ya kiganja. Yeye jua la mchana hampigi mtu, anamtoa juani anamkalisha barazani, upande mmoja anamning'inizia shuka jeupe kurudisha mwanga, halafu anamwambia akanawe poda. Watu walikuwa wanagombana naye hapo! Mtu katoka kwake kajipaka poda aonekane mweupe, mjomba anasema poda inakufanya jivu, nawa, paka mafuta kidogo ya nazi kwenye mashavu. Nilikuwa nadhani ni ukorofi wake tu. Nimekuja kuelewa huku, mwaka wa pili wa A-level, kwamba alikuwa anaufanya uso ushike mwanga.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu na shule, maana upo. Huku picha nzuri ni ile ambayo mtu hajui anapigwa. Ndo wanavyofundisha, ticha na vitabu vyote. Picha zangu za mwanzo zote zilirudi zimeandikwa pembeni "imepangwa mno, wote wanaangalia kamera". Sasa wewe niambie, kwetu mtu apigwe picha anaangalia wapi? Studio ya mjomba ilikuwa na koti la suti kwenye msumari kwa ajili ya wasio na koti, kitana kimefungwa kamba kisiibiwe, pazia lenye maua na la bluu la pasipoti. Mtu anakuja kaoga. Anachana nywele, anafunga kifungo, anasimama. Ile picha anaijua, kaitoa yeye, na nyuma anaandika kwa kalamu "kwa ukumbusho" anampa mtu. Huku unamvizia mtu anatafuna sandwichi kituo cha basi unaita ukweli.

Na wala hakuna anayekufokea. Nimepiga picha mtaani Leicester mchana kweupe, sheria inaruhusu, watu wanapita macho chini. Jaribu hivyo sokoni Mgandini uone, utasikia "we kijana unapiga nini, umeomba?" na mwingine nyuma yake "nipige na mimi!" Wakati ule ilikuwa inanikera. Sasa hivi naona angalau wale walikuwa wameniona.

Kilichonitokea mwezi wa tatu ndo kimenichanganya zaidi. Niko barabara ya Belgrave, mtaa wa maduka ya Wahindi, naongea na bibi kwenye simu, mzee mmoja wa duka la vitambaa akatoka nje akanisubiri nimalize. "Kijana, wewe iko toka wapi?" Kiswahili! Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri kabisa, macho yakamjaa maji. Yeye wa Kampala, alikuja 1972 Amin alipowafukuza Wahindi, siku 90 na sanduku. (Nimesoma baadaye kwamba baraza la mji wa Leicester lilitangaza mwaka ule kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije huku. Wakaja. Leo mtaa wenyewe ndo unaoletewa watalii.) Akanionyesha picha ya harusi yake ya studio iko juu ya mashine ya kuhesabia hela, wamesimama wima wawili, yeye kashika kiti.

Nikamwomba nimpige. Nilitaka pale pale, anakunja kitambaa, mwanga wa dirishani umekaa vizuri. Akasema ngoja. Akaingia ndani, dakika tano nzima, akarudi kavaa koti, kachana nywele kwa maji. Nikabonyeza moja wakati anahangaika na kifungo anaangalia pembeni, halafu akasimama sawasawa, kashika kiti kama kwenye ile ya harusi, nikapiga ya pili.

Ticha akachagua ya kwanza bila hata kufikiri. Mzee akachagua ya pili, ile ya kwanza aliiangalia akaniuliza kwa upole kama ninaweza kuitupa. Na mie, hapa sitaki kudanganya, ile ya kwanza ni picha nzuri, vidole vyake vinaonekana vinatetemeka kidogo kwenye kifungo, ticha hakukosea. Ila sio ya kwangu, na sio ya kwake mzee pia. Nikamchapia ya pili kubwa, nyuma nikaandika "kwa ukumbusho, Leicester" na tarehe, kaiweka juu ya ile mashine karibu na harusi.

Kwenye insha nikaandika habari ya studio. Ticha alikuwa anawajua wapiga picha Seydou Keïta aliyefungua yake Bamako 1948, na Malick Sidibé wa huko huko Mali aliyepewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kule Venice 2007, wote wale picha zao za studio watu wamesimama, wamevaa, wanaangalia kamera! Nikamuuliza mbona wao hawakuandikiwa pembeni imepangwa mno. Akacheka, akakubali, akaniambia hoja hiyo niiweke ukurasa wa kwanza. Nikamweleza na kwetu zipo, Capital Art Studio ya Unguja familia ya Oza iliianza 1930, hakuwahi kuisikia. Za mjomba ndo basi tena, negativu zake alizihifadhi kwenye maboksi ya viatu juu ya kabati, joto na unyevu wa Tanga mnaujua, zimegandana kama maandazi ya jana, ukizibandua na sura zinabanduka.

Juzi nikamtumia bibi zote mbili kwa WhatsApp, sikumwambia ipi ya nani. Akapiga.

"Huyu wa koti mzuri, mzee wa heshima. Na huyu mwingine umemkosea nini mpaka hataki kukuangalia?"

Nikamwambia ni huyo huyo bibi.

"Basi ungesubiri afunge kifungo."