Naliogopa fuso la mzigo mchanganyiko kuliko tangi la petroli

Tangu lori la mafuta lilipuke Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019 na kuua watu zaidi ya 100, angalau kwa maneno kila mtu anajua kwamba tangi lililopinduka halisogelewi. Ninaloliogopa zaidi ni fuso lenye turubai, linalotoka Arusha kwenda Moshi na madumu ya tindikali ya betri, ndoo za klorini ya bwawa la hoteli, katoni za dawa za mashamba, na juu yake mitungi ya gesi. Tangi hujitambulisha: kibao cha rangi ya chungwa, namba 1203, hiyo petroli. Fuso halisemi kitu, na likiwa na alama, mara nyingi ni ya bidhaa moja tu.

Hatari kubwa iko kwenye nini kimekaa karibu na nini. Tindikali ikiifikia klorini ya unga (hipokloriti ya kalsiamu), hutoka gesi ya klorini, nzito kuliko hewa karibu mara mbili na nusu, ambayo hushuka mtaroni, pale pale watazamaji wanapopenda kusimama. Unga huo huo ukilowa dizeli au mafuta ya breki unaweza kuwaka wenyewe, tena si lazima papo hapo. Unaweza kutulia dakika kadhaa kwanza. Kwa hiyo "mbona haliwaki" si ruhusa ya kusogea.

Kwa mzigo mchanganyiko au usiojulikana, mwongozo wa dharura wa Marekani na Kanada unaanzia mita 100 kila upande, na mita 800 tangi likiwa ndani ya moto. Simama upepo unakotoka, na juu ya mteremko. Kwenye bonde la mto Kikavu, katika barabara hiyo ya Arusha–Moshi, maana yake ni kubaki juu barabarani, usishuke darajani. Zima injini, zuia bodaboda, piga 114, namba ya zimamoto. Alama zisome kwa kuvuta picha kwa kamera ya simu, ukiwa huko huko mbali.

Halafu mtafute utingo. Hati ya mzigo, kama ipo, imebaki kwenye kabini usiyoweza kuikaribia, lakini utingo ndiye aliyepanga mzigo. Muulize nini kiko chini, nini kiko juu, madumu mangapi, yalipakiwa wapi, na namba ya simu ya mwenye mali. Tatizo ni kwamba dereva na utingo mara nyingi hutoroka kwa kuogopa hasira za watu. Kwa maoni yangu, kuwakinga hao wawili wasipigwe ni kazi ya uokoaji sawa na kuzima moto.

Maji nayo yasimwagwe kwa mazoea. Maji kidogo juu ya klorini ya unga huongeza joto na gesi. Ama mengi sana kutoka mbali, ama usiguse. Kabidi ya mafundi wa kuchomelea ikilowa hutoa asetilini, gesi inayolipuka. Unga wa mbao, ambao watu hukimbilia kunyonyea kilichomwagika, ukikutana na klorini ni kuni. Tumia mchanga mkavu. Na kabla ya mpira wa zimamoto kufunguliwa, zibeni mifereji kwa udongo: huku wilayani Hai maji ya mfereji yanaishia kwenye migomba na ndoo za watu.

Majeruhi wakishatolewa, na waliovaa vifaa vya kupumulia ndio wanaopaswa kuwatoa, vua nguo, pangusa unga mkavu kwanza, kisha mwagia maji yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, macho yakiwemo. Usimpulizie mdomo kwa mdomo aliyemeza au kuvuta sumu. Wala usimpakie kwenye Noah madirisha yamefungwa, nguo zake zikiwa bado zinanuka dawa, maana dereva naye atahitaji kubebwa kabla hamjafika hospitali ya KCMC, Moshi. Mwambieni daktari jina la kemikali, au angalau mpeni picha ya lebo.